Majina Kwenye Magome ya Miwati

Magome ya miwati yakichunwa wakati wa mvua hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni kama chai ya rangi iliyochemshwa mno ikasahaulika chunguni, ikachanganyika na udongo mbichi na jasho la watu. Harufu hiyo haikai puani tu. Huingia kwenye kucha, kwenye nyufa za visigino, hata kwenye ugali unaoumega kwa mkono uleule, na maji ya mtoni hayaiondoi. Utomvu wake huupaka mkono rangi ya hudhurungi kwanza, halafu nyeusi. Nilikuwa na mikono ya namna hiyo nikiwa na miaka kumi na mitatu, na Jumapili kanisani niliificha ndani ya kaniki yangu hata wakati wa kusimama kuimba. Leo nikisafiri barabara ya Njombe baada ya mvua, gari likapunguza mwendo karibu na vichaka vya miwati iliyojiotea yenyewe, harufu ile hunirudisha kambini kabla sijajiandaa, na jambo la kwanza ninalofanya ni kutazama viganja vyangu.

Tulizaliwa Mahongole, mimi na wadogo zangu wawili, wakati Makambako yenyewe ilikuwa maduka machache ya mabati na mahali ambapo malori yalisimama kupoza injini. Hapo ndipo baba yetu, Eliya, alipopandia lori kwenda Tanga kukata mkonge kwa mkataba. Alimwambia mama atarudi baada ya mavuno mawili. Nilikuwa darasa la pili barua ilipofika. Mama hakujua kusoma, na mzee wa kanisa aliyezoea kuwasomea watu barua zao alikuwa amekwenda msibani, basi mama akanipa mimi. Nilifurahi. Hiyo ilikuwa barua ya kwanza maishani mwangu, na majirani wanne walikuwa wamekaa wakinitazama. Nilisimama wima kama tulivyofundishwa, nikasoma silabi kwa silabi kwa sauti kubwa, nikishughulika na herufi tu, nisikosee, nisikwame. Nilimaliza mstari ule kabla masikio yangu hayajausikia. Mama akaniambia, "Rudia. Wewe bado unajifunza." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena, mwanangu, polepole." Nilirudia mara ya tatu, na mara hiyo ndipo nilipoelewa kwamba ninatangaza kifo cha baba yangu, na kwamba mama alikuwa akitegemea nimekosea.

Mwaka uliofuata, kipindi cha baridi ile ambayo umande huganda juu ya majani, mama alishikwa na kichomi. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu ili nimwangalie. Alikufa kabla baridi haijaisha, nami sikurudi tena shuleni. Tulibaki watatu: mimi Raheli, mkubwa, mdogo wangu wa kiume, Lameki, na wa mwisho, Tabita, ambaye bado alikuwa akinyonya kidole. Baba mdogo, ndugu yake baba, alitukalia nyumbani msimu mmoja, vinyungu, bustani za bondeni, vikamshinda, mkewe akarudi kwao. Ndipo akaamua kwenda kutafuta kazi kwenye shamba kubwa la miwati la kampuni moja upande wa Njombe, akatubeba sote watatu. Watu wengi wangetugawa, mmoja kwa shangazi, mmoja kwa mjomba. Yeye hakutugawa. Nalisema hili mapema ili nisimwonee mbele ya msomaji.

Kambi ilikuwa safu mbili za vibanda vya fito na udongo, vimeezekwa kwa nyasi, kwenye mgongo wa kilima kisicho na kitu cha kuzuia upepo. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulisikia watu wakisalimiana, kamwene, kamwene, bila kuwaona. Kulikuwa na Wabena kama sisi, Wakinga walioteremka kutoka Makete, Wapangwa, na watu wachache wa mbali. Wanaume walikata miti na kuchuna magome kwa mapanga. Wanawake na watoto waliyabeba hadi kando ya barabara, ambako yalifungwa mafungu kwa kamba za magome hayohayo yakingoja lori la kiwanda cha dawa ya kulainishia ngozi. Kila mtu mzima alikuwa na kipande chake, kadi ya siku thelathini, na karani aliipiga alama ukimaliza sehemu yako ya siku. Usipomaliza, siku hiyo haikuwapo. Karani huyo alikuwa kijana mwembamba aliyesoma hadi darasa la nane. Alikuwa na viatu, alikuwa na mwavuli, na mvua ikinyesha aliingia katika kibanda chake cha mabati na kuendelea na kazi akiwa mkavu. Nilimtazama sana mtu yule. Sikuwa na wivu na viatu vyake. Nilikuwa nikiangalia tu kwamba mvua ilikuwa ileile, kilima kilekile, na kilichomtenga yeye nasi ni kwamba alijua kuandika kuliko sisi.

Lameki alikuwa darasa la nne kwenye shule ya misheni, mwendo wa saa nzima kutoka kambini. Mwisho wa mwaka ule ulikuwa na mtihani wa kuchagua watoto wachache wa kuendelea na shule ya kati. Wengine wote wangerudi kuchunga na kubeba magome hadi wazeeke. Mwalimu wao alinikuta kanisani, akaniambia kichwa cha mdogo wangu ni chepesi, lakini akizidi kukosa shule atafutwa kwenye daftari la mahudhurio na hatafanya mtihani. Baba mdogo alimruhusu siku tatu kwa juma. Siku mbili nyingine alimhitaji abebe magome, maana bila mikono ya Lameki sehemu yake haikuisha. "Mtoto anakula siku saba," alisema, "mimi namwomba siku mbili tu." Hakuwa amesema uongo. Mimi nikaapa moyoni kwamba siku hizo mbili hazitampita bure. Alichofundishwa kwa siku tatu angenieleza mimi tukiwa njiani na mizigo, kisha mimi ningemrudishia mpaka kikae kichwani.

Karatasi hatukuwa nayo. Kibao chake cha kuandikia kilikuwa mali ya shule na hakikuruhusiwa kutoka darasani. Lakini gome la mwati likitoka tu mtini, upande wake wa ndani huwa mweupe, laini, wenye maji, mzuri kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuishika baadaye. Nilichukua mwiba nikaandika juu yake. Mara ya kwanza nilidhani nimeshindwa, maana hapakuonekana chochote, mikwaruzo myeupe juu ya weupe. Tukaliegemeza gome kwenye kisiki, tukaenda kupeleka mzigo. Tuliporudi maneno yalikuwa yametokea, mekundu, kana kwamba kuna mtu amekuja nyuma yetu akayaandika upya kwa wino. Lameki alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo shule yetu. Nilimpa hesabu kwenye gome, akaenda na mzigo akiifikiria, akirudi namba zimeiva na yeye ana jibu. Nilimwandikia maneno yasiyo na makosa, yeye akayaiga chini yake. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nasema hivyo bila haya kwa sababu ni kitu pekee nilichotoka nacho shuleni. Magome tuliyoandika hatukuyaweka kwenye mafungu ya kampuni. Tuliyavunja jioni tukamletea Tabita, akayachoma jikoni. Alikuwa na miaka sita sasa, na yeye ndiye aliyebaki kibandani akichota maji kwa kibuyu, akichuma mboga, akisonga ugali kwa mwiko mrefu kuliko mkono wake.

Ijumaa moja katikati ya mvua, Lameki alikuja na habari kwamba mwalimu amewaambia wajizoeze kuandika insha kuhusu nyumbani kwao. Nikachagua vipande vitatu vipana. Nikamwambia tuanze na wazazi, kila mtu huanzia hapo. Nikaandika kwa herufi kubwa ili aige: Baba yangu ni Eliya. Amekufa. Mama yangu ni Sara. Amekufa. Ilikuwa insha fupi, lakini kila neno lilikuwa sahihi. Sijamaliza kuiegemeza kwenye kisiki, mawe ya mvua yakaanza kushuka, makubwa kama punje za maharage, yakitupiga kichwani na mabegani. Watu wakapiga kelele, kila mmoja akakimbilia magome yake ili yasitawanyike. Baba mdogo alifagia yetu yote kwa mikono miwili, pamoja na yale matatu, akayafunga fungu, akafunga na la pili, akachora alama yake juu, na tukakimbia. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto wa jirani aliyekuwa akilia. Nilipoyakumbuka magome yale nilikuwa tayari kibandani, na nilijiambia lori litayapeleka kesho, kiwandani hakuna atakayeyatazama.

Lori halikuja kesho yake. Mvua ilikuwa imeikata barabara, na mafungu yalikaa pale kando hadi Jumanne. Asubuhi hiyo karani aliamuru yafunguliwe, aangalie kama yameota kuvu. Nilikuwa nikija na mzigo nilipoona watu wamesimama wote, hakuna panga linalolia. Wapakizi wawili wa lori walikuwa wamerudi nyuma kutoka kwenye fungu moja kama watu waliomwona nyoka. Gome lilikuwa wazi juu ya nyasi, na maneno yangu yalikuwa yamekolea kwa siku nne, mekundu ya kuelekea weusi, makubwa kama vidole. Karani aliinama akayasoma kwa sauti, polepole, maana yeye mwenyewe hakujua anachokisoma kinaelekea wapi. Nilimjua mtu anayesoma namna hiyo. "Eliya," akasema. "Amekufa."

Pale kambini kulikuwa na Eliya mwingine, mzima, mzee wa Kikinga kutoka Ipelele, mwenye mabega mapana na watoto watano huko juu kwao. Alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwenye gome lile. Juma lililotangulia yeye na baba mdogo walikuwa wamegombana mbele ya watu kwa sababu ya shina la mianzi, kila mmoja akidai ndiye aliyeanza kuikata ncha zake na kutega ulanzi, pombe ya mianzi. Baba mdogo, akiwa ameshakunywa, alikuwa amemwambia, "Utaona." Sasa watu wote walitazama alama iliyokuwa juu ya fungu. Ilikuwa ya baba mdogo.

"Mimi nilifunga magome meupe," baba mdogo alisema. "Haki ya Mungu, yalikuwa meupe! Hayakuwa na kitu!"

"Ndiyo hivyo hivyo," akajibu mpakizi mmoja. "Yalikuwa meupe, na sasa yana damu. Wewe ndiwe wa kutueleza."

"Mimi sijui hata kuandika!"

"Nani amesema umeandika kwa mkono?"

Kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kujifunga, kwa sababu alichokuwa akisema ni kweli tupu: magome yalikuwa meupe alipoyafunga. Mzee Eliya aliketi chini palepale kwenye tope, na alikuwa akijipapasa kifuani kana kwamba anatafuta mahali kifo kitakapoingilia. Wanaume wengine walikwisha kusema kibanda cha mchawi kiezuliwe kabla ya jua kutua, aondoke na watu wake. Watu wake tulikuwa sisi. Mvua ilikuwa na miezi miwili mbele, na Mahongole hatukuwa tena na paa.

Nilijua nikisema nitaumaliza uongo wetu wa siri. Baba mdogo angejua kwamba siku alizotuomba tulizitumia kwa shule. Mnyapara, msimamizi wa kazi, angejua tumechezea magome ya kampuni. Lameki alikuwa kando yangu, amenishika kaniki, na kwa mkono wake nilihisi anataka ninyamaze. Nikaweka mzigo chini.

"Ni mimi niliyeandika," nikasema. "Eliya huyo ni baba yangu. Ninyi hamumjui. Amezikwa Tanga."

Hakuna aliyeniamini. Mwanamke mmoja akaniambia, "Nyamaza, mwanangu, usijibebeshe mambo ya wakubwa." Karani akanitazama mikono. Akaniuliza, "Kama ni wewe, yametokeaje siku ya nne?" Nikamjibu kwamba hayakutokea siku ya nne, yalitokea Ijumaa ileile ndani ya fungu, gizani, na kwamba nikipewa gome bichi nitamwonyesha. Wakanichunia moja kutoka mti uliolala karibu. Nikaokota mwiba. Nilipoinama juu ya weupe ule sikujua niandike nini, nikamwuliza mzee Eliya kwa sababu lilikuwa jambo lake. Aliinua kichwa.

"Andika kwamba mimi ni mzima."

Nikaandika: Eliya wa Ipelele ni mzima. Nikalilaza gome juu ya fungu, na kambi nzima ikasogea na kungoja. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na baridi huchelewesha. Nimengoja mambo mengi maishani, hospitalini na ofisini, lakini kungoja kule sijakuona tena. Weupe ulibaki weupe. Mpakizi yule akaguna. Baba mdogo alikuwa amefumba macho. Halafu Lameki, mwenye macho makali kuliko yetu, akasema kwa sauti ndogo, "E inakuja," na kweli E ilikuwa inakuja, kwanza kama doa la rangi ya mchanga, kisha kama kutu, na nyuma yake nyingine zikifuatana. Karani akalisoma lote. Mzee Eliya akataka lisomwe tena. Lilipokwisha alisimama, akafuta tope, akalichukua gome lile chini ya kwapa lake bila kumwomba mnyapara ruhusa, na watu wakaanza kucheka kicheko cha wanaoona aibu. "We mtoto," aliniambia akipita, "usije ukaandika jina la mtu halafu ukaondoka." Alilitundika juu ya mlango wa kibanda chake, na lilikuwapo hadi tulipohama kambi ile.

Baba mdogo hakunipiga. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenipiga. Alikaa mekoni mpaka chakula kikapoa, kisha akasema Lameki hatakwenda tena shule, hata hizo siku tatu. "Leo kalamu imetaka kunizika," alisema. "Na baba yenu aliondoka nyumbani kwa karatasi, akarudi karatasi. Mimi na vitu hivyo basi." Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu mtu unayemwelewa ni vigumu kumshinda. Nikamwuliza anachohitaji kwa Lameki ni nini. Akasema mikono. Nikamwambia mikono yangu itafanya ya watu wawili, sitabeba tu, nitachuna pia kama wanaume, siku zote sita, na siku nitakayoshindwa kumaliza sehemu hizo mbili, Lameki asiende kesho yake. Wasichana hawakuwa wakichuna. Mzee Eliya, aliyeitwa kuwa shahidi wa maneno hayo, ndiye aliyeninolea panga dogo na kunionyesha namna ya kuligonga gome kwa mgongo wa panga ili liachie mti kwa urefu bila kukatika. Karani alisema kazi ikiisha yeye hana haja ya kuuliza nani kaifanya.

Mvua zikaisha, na kiangazi magome yakang'ang'ania miti hadi damu ya mikono yangu ikachanganyika na utomvu wake. Baadaye kukawa na kufyeka, kuchoma matawi, kupanda miche. Sikukosa siku hata moja. Nilipougua homa nilikwenda na homa. Niliona kama mimi ndiye niliyekuwa nikilipa peke yangu, na kwa miaka mingi ndivyo nilivyoisimulia hadithi hii kwa wanangu. Lakini mtu anayetoka gizani na kurudi gizani, kuna mtu nyumbani anayemfanyia kila kitu. Tabita alitimiza miaka saba mwaka ule. Watoto wa rika lake pale kambini, waliokuwa na mama, walianza kwenda shuleni pamoja na Lameki. Yeye alisimama mlangoni na kibuyu chake akiwatazama hadi ukungu unawameza, kisha akaenda mtoni. Sikumwambia kitu. Jioni nilikuwa nalala nikiwa nimeshika tonge.

Lameki alifaulu. Desemba karani aliniita kibandani kwake na kunionyesha fomu iliyokuja kupitia misheni, inayotaka alama ya mzazi au mlezi. Baba mdogo alifika mlangoni, akaiona karatasi, akaweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. "Kidole changu hakigusi," akasema. "Aende, sikatai, chakula chake si juu yangu tena. Ila mimi kidole changu hakigusi." Karani alimbembeleza, akamcheka, akakasirika, na mwisho baba mdogo akaondoka. Siku ya kurudisha fomu ilikuwa kesho yake. Tulibaki mimi na karani na ile karatasi.

"Una miaka mingapi?" akaniuliza.

"Nimeingia kumi na minne, bwana."

"Hapa pameandikwa mlezi."

"Ndiyo, bwana. Nimeona."

Akakigeuza kidau cha wino kikaelekea upande wangu. Niliandika jina langu kamili kwa mwandiko uleule wa kwenye magome, na nilishangaa jinsi wino ulivyokuwa mweusi papo hapo, bila kungoja. Januari nilimbebea Lameki sanduku lake la mbao hadi alipokutana na wenzake barabarani. Hakulia, nami sikulia. Nilirudi nikachuna sehemu mbili.

Alisoma mpaka akawa bwana shamba, akafanya kazi wilaya nyingi, akajenga nyumba ya matofali Igwachanya na kusomesha watoto wake wote na wawili wa kwangu. Hakunisahau hata mwezi mmoja. Tulimzika mwaka juzi, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Siku hizi marehemu huchapiwa wasifu, na kila mtu alipewa nakala yenye picha yake. Wajukuu waliovaa sare za shule waliusoma haraka haraka wakiwa wamesimama, mmoja akiwa anatafuna muhindi, wakaukunja wakatia mfukoni. Shule iko ng'ambo ya barabara tu, kengele yake ilisikika hadi makaburini, na hakuna kati yao aliyeonekana kujua kwamba amefanya jambo lolote la ajabu kwa kusoma. Nilifurahi kuona hivyo. Nilitamani wasijue kamwe. Tabita, ambaye sasa ana mgongo uliopinda kuliko wangu, aliketi kando yangu kwenye mkeka akiwa ameishika nakala yake kwa mikono miwili. Akanigonga na kiwiko.

"Dada, mimi nimo?"

Nikatafuta. "Umo. Wanasema ameacha dada yake na mdogo wake wa kike."

"Jina?"

"Jina hapana."

Akatikisa kichwa, kisha akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza kwa zaidi ya miaka hamsini: kama kwenye magome yale ya kambini, yale ambayo yeye aliyachoma jikoni kila jioni, niliwahi kuandika jina lake. Ningeweza kumdanganya. Yote yalikuwa majivu, na hata yasingekuwa majivu asingeyasoma. Nikamwambia hapana. Tulikuwa tukiandika vya mtihani.

Kesho yake, wageni walipopungua, nilimshika mkono tukateremka hadi kwenye miwati iliyojiotea bondeni. Niliazima panga la mjukuu nikagonga kwa mgongo wake kama nilivyofundishwa na mzee wa Ipelele, na gome likaachia kwa urefu, jeupe, na harufu ile ikatoka. Nikaandika kwa mwiba: TABITA. Tukaketi kwenye nyasi tukangoja. Baridi ilichelewesha, lakini hatukuwa na mzigo wa kupeleka popote. Herufi zilipotokea alizitazama kwa muda mrefu. Akaweka kidole chake cheusi kwenye herufi ya kwanza, kisha akakihamisha hadi ile inayofanana nayo mbele, akarudi, akahakikisha. Akaomba mwiba. Akachora chini yake, mstari wa kulala juu, mstari wa kusimama.

"Kumbe ilikuwa kazi ya muda mfupi tu," akasema.

Nililisogeza gome kivulini tukakaa, mimi na yeye, tukingoja herufi yake itokee.